Watu Wanaoshuka Bila Mzigo

Ukiingia Butembo na hujui pa kupata habari za dunia, tafuta pale mteremko unapokwisha, mahali ambapo wenye chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedeli, hufunga breki kwa soli za viatu vyao, na harufu ya mpira ulioungua huchanganyika na harufu ya kahawa. Hapo kuna benchi refu lililoundwa kwa mbao za chukudu iliyovunjika. Mbele ya benchi kuna mbabula ya makaa, juu ya mbabula kuna birika jeusi, na nyuma ya birika kuna Mama Débora. Jina lake ni Kanyere, ila tangu amzae binti yake hakuna tena anayelikumbuka. Mjini hapa wasema-hovyo wa barabarani wanaitwa parlement debout, bunge la kusimama. Hawa wa kwa Mama Débora wanakaa, tena wanakaa sana. Asubuhi ile tu ndiyo hawakutulia: mmoja akikaa mwingine anainuka, benchi linalia, vikombe vinagongana, kwa sababu kabla ya jioni mama alitakiwa amjibu binti yake kama atasafiri au la.

Débora yuko Suisse, huko Ulaya, kwenye mji wa milimani wenye jina refu. Kijiwe kilijaribu kulitamka wiki nzima, kikashindwa, kikaamua kuuita Ku Neige, yaani kwenye theluji. Anafua mashuka hotelini. Watu wenye nafasi zao hufika kule kutoka pande zote za Ulaya, wakajifunga mbao miguuni, wakateleza mlimani, wakalipa, wakarudi makwao wamefurahi. Sasa Débora ana mimba ya kwanza na tumbo limeshakuwa zito. Mumewe ni mtu wa kule, kijana mzuri tu, lakini kazi yake ni kuendesha mashine ya kusukuma theluji barabarani, na theluji ya kule ina tabia ya kuanguka usiku. Kwa hiyo binti akamwita mama yake. Pasipoti ilikwisha kurudi kutoka Kinshasa na viza ndani. Lilibaki neno moja tu, ndiyo, ili tiketi ilipwe na mama akapande ndege pale Mavivi, upande wa Beni.

Neno hilo Mama Débora alikuwa halipati. Baridi haikumtisha, na ndege alishaamua kwamba ataipanda akiwa amefumba macho. Aliloliogopa hakumwambia mtu: kwamba atafika kule akute hana kazi. Débora alimwonyesha kwenye simu mashine ya kufua, mashine ya kukausha, mashine ya kuosha sahani, hata kiti kinachombembeleza mtoto chenyewe. Mwanamke aliyeishi kwa mikono yake miaka yote, akikalishwa kwenye kochi mbele ya mashine zote hizo, si atakuwa pambo? Wazo hilo lilimnyima usingizi, na asubuhi ile lilimfanya amimine sukari nje ya kikombe.

Wateja wake wao hawakuwa na shaka yoyote. Safari walikwisha kuipanga zamani.

— Mama Débora, leta tena ile foto, akasema Kasonia.

Huyu ndiye anayeitwa Balo. Anauza nguo za balo, yaani mitumba iliyofungwa marobota, zinazotoka Ulaya, na umbo lake nalo limekazwa hivyohivyo, kama limefungwa kwa waya. Alipokea simu, akaishika mbali na macho. Kwenye picha kulikuwa na mlima mweupe na watu wenye majaketi yaliyovimba, kila mmoja ameshika fimbo mbili.

— Angalieni ile jaketi ya rouge, Balo akasema. Ya sawa yake nilishauzisha ku motard mumoja wa pikipiki, wa Masereka. Donc Masereka na Suisse ni quartier moja. Mama, nitakutafutia combinaison, ile mutu anaingia ndani muzima, toka miguu mpaka ku shingo. Utalala nayo, utaenda nayo ku misa.

— Na akitaka kwenda ku choo? akauliza Mathe.

— Kule baridi inakamata mpaka ile mambo. Batu hapana kwenda ovyo ovyo.

Mathe akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Yeye anasukuma chukudu, na anaitwa Frein tangu siku breki zilipomgomea akamalizia safari ndani ya duka la dawa, katikati ya wagonjwa. Ni mtu wa Masereka, kule juu kwenye viazi na baridi, na mambo ya milima anayachukulia kama mambo ya familia yake.

— Miye kintu kimoja njo kinanisumbua, akasema. Bale batu banapanda mulima.

— Banapandishwa na kamba ya umeme, akasahihisha Prof Mukendi. Téléphérique.

— Bon. Banapandishwa. Banafika juu. Halafu banashuka. Banashusha nini?

Wote wakaiinamia simu.

— Biazi? Frein akaendelea. Mbao? Hata kuni moja? Angalia mugongo ya huyu: bule. Miye nikishuka toka Masereka niko na biazi, niko na bitunguu, niko na poireaux mpaka inanifunika macho. Mutu hapana kushuka mulima mikono mitupu. Ile ni kulaani mulima.

— Frein, weye ungali mutoto, ikaja sauti kutoka mwisho wa benchi. Muzigo beko nayo.

Aliyesema ni Ésaïe, jina la kijiweni Karati, kama kile kipimo cha dhahabu. Alichimba dhahabu Manguredjipa mpaka ujana ukaisha, akarudi na kikohozi na imani kwamba chini ya kila kitu kuna dhahabu.

— Nguo inavimba vile sababu ya nini? akauliza. Ile haiko pamba. Kule Manguredjipa mutu akitoka mu shimo amevimba vile, tunamukamata, tunamuvua. Ile mulima iko na or. Na miwani mikubwa vile, si juu ya vumbi ya kuchimba? Neige banaimwanga juu juu, ili serikali isione.

— Karati, akasema Prof, usilete désordre mu science.

Prof Mukendi anafundisha jiografia sekondari. Serikali ilimleta kutoka Kasaï, na kijiwe kikamwita Altitude, maana hakuna jambo, kuanzia bei ya unga hadi ndoa za watu, asilolieleza kwa urefu kutoka usawa wa bahari. Alikunywa funda moja kwanza, kwa sababu kahawa ya Mama Débora yenye tangawizi hainywewi pamoja na maneno.

— Ni altitude, akasema. Kule juu hewa ni kidogo. Mutu akishuka polepole, pumzi inaisha katikati ya njia. Donc anashuka mbio ili afikie hewa ya chini. C'est tout.

— Na kuinama je? akauliza Balo. Bote banainama.

— Bazee balisema, mutaka cha mvunguni sharti ainame. Hewa iko mvunguni.

Methali hiyo ilipokelewa kwa heshima. Hata Karati, ambaye hakubaliani na mtu asiyeshika koleo, aliitikia kwa kichwa.

— Na fimbo? akasema Frein, akisogeza picha kwa kidole kilichochafuliwa na mpira. Kwetu fimbo ni ya muzee, tena moja. Huyu ni mutoto, angali meno ya maziwa, eko na mbili.

— Ulaya batoto beko na haki, akasema Prof. Kila mutoto kule ni muzee.

— Donc mama yetu akifika bila fimbo, batamuona mutu wa bule, akasema Balo. Na yeye ni muzazi. Batoto beko na mbili. Yeye tumutafutie tatu.

— Ya tatu nikamate na nini? akauliza Mama Débora.

Lilikuwa swali zuri, kwa hiyo halikujibiwa. Mama akachochea makaa. Alitaka kuwaambia kwamba theluji si ngeni kwake kama wanavyodhani. Alizaliwa Mutwanga, chini ya mlima mrefu wenye theluji, na siku mlima huo ulipoamua kujifunua asubuhi, kule juu kabisa aliuona weupe wenyewe, nzururu, bibi yake akikataza asiuonyeshe kidole. Siku moja aliwahi kulisema hilo hapa hapa. Balo akamjibu kwamba theluji ya mbali haihesabiwi.

— Mugeni siku mbili, siku ya tatu mupe jembe, Balo sasa alikuwa akisema. Siku ya tatu batamupa zile mbao za miguu. Lazima tumufundishe mbele ya kwenda.

— Nitamufundisha na chukudu yangu, akasema Frein, na tayari alikuwa amesimama. Leo, kisha saa sita. Anasimama juu yake, anainama, anashuka huu muteremko bila muzigo. Akifika ku pharmacie anajua ski.

— Na ukirudi, mama, akasema Karati kwa sauti ya chini, ulete kidogo ya ile udongo. Mu kitambaa tu. Miye nitajua.

— Miye uniulizie tu balo zinafungwa wapi, akasema Balo. Tuache kupita ku batu ba katikati.

— Débora anasema, Mama Débora akaingilia, kule mutu akizaa, majirani banatuma maua.

Wakageuka wote.

— Maua ya kukula? akauliza Frein.

— Ya kuangalia.

Kwa kitambo kidogo waliwahurumia watu wa Suisse.

— Njo vile, Karati akasema mwishowe. Batu banalala juu ya or, banakula maua.

— Hapana kukula, anasema ni ya kuangalia.

— Na njaa unaangalia nini?

Mazungumzo yakateremka tena kwenye dhahabu. Mama Débora akabaki na maneno mdomoni. Alikuwa ameanza tu. Alitaka kusema kwamba baada ya hayo maua hakuna anayebisha mlango. Hakuna wa kumkanda mzazi kwa maji ya moto, hakuna wa kumpokea mtoto ili mzazi alale saa mbili, hakuna wa kupika uji. Kwamba juzi Débora alipoyasema hayo alicheka, halafu akanyamaza, na ule ukimya ndio uliomuuma mama kuliko kilio. Lakini simu ilikuwa imeshafika mikononi mwa Karati, aliyekuwa akiikuza picha aone kama mlima unang'aa.

Ndipo akaja mteja mpya. Ni mwanamke kijana aliyevaa suti ya bluu na viatu visivyofaa kwa vumbi letu. Anaitwa Ngalula, mfanyakazi wa serikali, amehamishiwa hapa kutoka Kananga siku chache zilizopita na amepanga chumba nyuma ya duka la misumari. Akasalimia kwa Kifaransa, akaomba kahawa, akaionja, akafunga macho kidogo. Balo akamsogezea nafasi, na kabla kikombe hakijafika nusu alikuwa amekwisha kuelezwa safari yote, pamoja na fimbo tatu.

— Na mama atakaa kule muda gani? akauliza.

— Miezi tatu, akajibu Prof, kwa majivuno ya mtu aliyegonga viza kwa mkono wake.

— Ah, bon. Na hiyo miezi tatu, hii kahawa atapika nani?

Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa mgeni mjini, na kwa mara ya kwanza tangu afike amepata kitu kitamu.

Chukudu moja yenye mzigo wa mbao ikashuka ikipiga kelele, ikapita, na hata Frein hakuigeukia. Balo alitazama ndani ya kikombe chake. Watu hawa walikuwa wameshapanga mavazi ya Suisse, mwendo wa Suisse na udongo wa Suisse. Butembo bila birika hili hawakuwa wameipanga.

Karati ndiye aliyeanza kurudi nyuma.

— Mais, akasema, ile baridi... miye sina hakika nayo. Mama na magoti yake.

— Magoti yangu iko na nini? akauliza Mama Débora.

— Sasa hapana kitu. Nasema kule.

— Na combinaison ya kipimo yake, akasema Balo, itakuwa ngumu. Sikusema itapatikana. Nilisema nitatafuta.

— Barabara ya Beni nayo, akasema Frein, akikaa chini. Leo batu banapita, kesho hapana kupita. Mutu anaacha nyumba yake, anaenda kulala Mavivi anangojea ndege.

— Surtout altitude, akasema Prof. Mutu wa umri wake, altitude inamupanda ku kichwa.

— Hapa Butembo tuko altitude gani? akauliza Ngalula.

— Ya hapa ni yetu, madame. Inatujua.

— Bazee balisema, usiache mbachao kwa musala upitao, akamalizia Balo.

— Mbachao njo nani, Balo? akauliza Mama Débora.

Balo akahangaika. Ni mtu mkweli akibanwa.

— Ni siye, akasema.

— Hata hivyo, akasema Karati, akiona mwenzake anazama, Débora ni mutu mukubwa. Kule hospitali iko nguvu, iko na mamashini. Banamuke banazaa kila siku bila mama zabo.

Mama Débora akaweka kijiko chini. Hasira ilimpanda taratibu, kuanzia miguuni, na aliiacha ipande.

— Débora anazaa lini? akauliza.

Wanne wakaangaliana.

— Nauliza. Mutakuwa munajua. Mwezi gani?

— Si... karibuni? akasema Frein.

— Noël? Balo akajaribu, ingawa Noël ilikwisha kupita.

Prof alitazama juu. Karati aliitazama simu mkononi mwake, kana kwamba wale watu wenye fimbo watamnong'oneza.

— Kila asubuhi nasema hapa, nikiwamiminia. Mwezi, tarehe, mpaka jina ya docteur. Fimbo zabo munazijua, miwani yabo munaijua. Mutoto wangu munasema ni mutu mukubwa.

Alikuwa amesimama nyuma ya birika lake huku wanaume wanne wakitazama chini. Siku zote hizo, akawaza, aliogopa kwamba kwa Débora hakuna kazi yake. Na hapa, kati ya watu wanaompenda, watu ambao mume wake alipokufa walibeba jeneza kwa mabega yao, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumuuliza mtoto anakuja lini. Sasa kule ambako majirani wanatuma maua nani angeuliza? Mashine inajua kukausha shuka, lakini haikai kitandani saa tisa za usiku ikauliza unaumwa wapi. Kazi ilikuwepo, tena nyingi, na ilikuwa ikimngoja yeye. Alishangaa kwamba jambo dogo hivyo limemchukua siku zote hizo kuliona.

— Karati, lete simu.

Karati akaileta kwa mikono miwili.

Débora aliitika upesi, kana kwamba alikuwa amelala na simu kifuani. Kijiwe kizima kilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, na siku hiyo hakuna aliyeutafsiri upande wa pili.

— Débora. Ni mama... Ee, lipa ile tiketi. Lipa sasa hivi... Nimesema nakuya... Sikiliza kwanza. Mugongo je? Upande gani? Na usiku unalala?... Hapana, usinyanyue tena yale mashuka, mwambie mukubwa wako ni mama amekataza. Unasikia? Lala na upande wa kushoto. Na usilie, mutoto wangu, nikifika utalia, tutalia wote pamoja. Sasa pumzika.

Akakata, akaifutia simu kwenye kitenge, ingawa haikuwa na maji. Balo, kwa kukosa la kufanya, akanyoosha kikombe. Mama Débora akaliinua birika, akaliinamisha: likatoka tope jeusi la mwisho, halafu halikutoka kitu.

— Imeisha, akasema.

Kwa kawaida neno hilo ndilo linalolivunja bunge. Kila mtu hukumbuka ghafla kwamba ana duka, ana darasa, ana mke. Siku hiyo walibaki na vikombe vitupu mapajani. Makaa yalikuwa yakipoa na hakuna aliyeyachochea.

— Mama, akasema Frein baada ya muda, bila kuinua macho. Anazaa lini?

Mama Débora akamtazama aone kama ni mzaha. Haukuwa mzaha. Basi akazunguka mbabula, akakaa kwenye benchi, kati ya Frein na Karati, mahali ambapo tangu aanze kuuza kahawa hakuwahi kukaa.

— Mwezi ya pili, akasema, katikati. Mugongo unamuuma upande wa kuume, na docteur anasema mutoto hajageuka. Bwana yake anafanya kazi usiku. Débora anaogopa kulala peke yake.

Walisikiliza. Karati alitaka kukohoa, akajizuia.

— Na weye, mama? akauliza Ngalula. Weye unaogopa?

— Naogopa sana, akasema Mama Débora. Mais naenda.